Ngoma za Mtu Mmoja

Newala, 14 Mfunguo Sita 1323 (Mei 1905)

Kwa shemeji yangu Fakihi, fundi ngoma, Masasi.

Shikamoo. Ukiuliza hali zetu, tu wazima, ila mgongo wangu unalalamika, na lalamiko lake ndilo lililoniandikisha barua hii. Dada yako Mwanne anakusalimu. Ni mjamzito tena, mimba bado changa, na kila siku anashuka bondeni kuteka maji na kuupanda tena mlima na mtungi kichwani. Nikimwambia apumzike ananiuliza kama nitautwika mimi. Mtoto wetu Somoe amejifunza kupiga miluzi. Nyumba haikaliki.

Sasa sikiliza. Akida amewachukua vijana walionibebea ngoma. Wako shamba la pamba la serikali na hakuna ajuaye watarudi lini. Mimi nimebaki na ngoma ulizonichongea mwaka niliomwoa Mwanne: vumi lile kubwa linalotaka wanaume wawili na mti mabegani, msondo ulionizidi kimo, na chapuo. Mwezi uliopita niliitwa Tandahimba, watoto walikuwa wanatoka jandoni. Nilikwenda na chapuo peke yake. Shemeji, niliona haya. Kina mama walisimama wakinitazama, hakuna aliyejua aanze na mguu gani.

Nataka unichongee ngoma za mtu mmoja. Sauti zote tatu ziwepo, nzito, ya kati na kali, lakini ziwe ndogo, zifungike pamoja, nizibebe mgongoni kama mwanamke abebavyo mtoto. Nikifika nizifungue, nizipige peke yangu kwa mikono hii miwili. Najua utanitukana. Tukana, kisha uchonge.

Shemeji yako,
Alfani, Baba Somoe


Masasi, 9 Mfunguo Saba 1323 (Juni 1905)

Baba Somoe,

Marahaba. Nimekutukana kama ulivyoomba, hata mwanangu Hamidu akaweka tezo chini akauliza, "Baba, nani amekukosea?" Nikamsomea barua yako. Akacheka, akasema, "Tumchongee. Ni jambo jipya." Vijana wanapenda neno hilo, jipya.

Nikwambie kwanza ubaya wake, usije ukasema sikukuonya. Ngoma ni tumbo. Sauti inazaliwa tumboni, ngozi inaitoa tu. Ukilikata vumi likawa fupi linabaki likikohoa. Halafu ngoma nyepesi haitulii, ukiipiga inaruka, nawe utakuwa unaifukuza kama kuku. Ngozi ndogo inakaza upesi jua likiwaka na kulegea upesi ukungu ukishuka, na huko kwenu juu ukungu hauishi. Utashinda motoni ukizikaza ngozi, wenzako wanacheza. Tena ngoma kubwa ina watu wake. Yuko wa kubeba, yuko wa kuwasha moto, yuko wa kuitikia. Hizi unazotaka utakuwa nazo peke yako, kwenye heri na kwenye shari.

Uzuri wake nao siukatai. Hutamsubiri mtu. Njia nyembamba utapita. Mvua ikikukuta utazifunika kwa nguo yako.

Tumeanza. Mti ni msufi, kwa ajili ya wepesi. Chapuo litaingia ndani ya msondo, msondo ndani ya vumi, ukibeba utaonekana umebeba kinu kimoja. Hamidu ndiye anayetoboa matumbo, mkono wake umekuwa mzuri kuliko wangu. Mimi nitawamba ngozi. Chapuo nitalivika ya kenge, iwe kali.

Hamidu mwenyewe simwelewi siku hizi. Anakaa na vijana wenzake wanaongea chinichini, nikitokea wananyamaza. Habari ni pamba na viboko vya akida, na maji ya dawa yanayosemwa yako upande wa Liwale. Unajua mama yake aliniachia huyu mmoja tu. Sitaki aende kokote.

Msalimu Mwanne. Mwambie mtungi autwike kidogokidogo.

Fakihi


Newala, 25 Mfunguo Nane 1323 (Julai 1905)

Shemeji Fakihi,

Shikamoo, tena na tena. Ngoma zimefika. Mwanne alipoziona alisema ni za watoto. Nikazifungua uani, nikazipiga, akaacha kutwanga.

Uliyoyasema yote ni kweli. Vumi linakohoa. Siku ya kwanza liliniruka likabingirika mpaka kwenye banda la mbuzi, Somoe akalala chini kwa kicheko. Lakini nimepata dawa yake. Nachimba kishimo kidogo, naliweka mdomo wake juu ya kishimo, basi ardhi inakuwa tumbo. Sauti inakwenda mbali, shemeji, inapita chini kwa chini, watu wanaisikia miguuni kabla ya masikioni. Kuruka kumekwisha pia, nalibana kwa magoti.

Nimekwenda Tandahimba, nimekwenda mpaka vijiji vya ukingoni ambako mtu na kuku wake ndio wanaopita. Humo vichakani kwetu hata mbuzi mnene anakwama, mimi napita. Watu wameniita jina, Mzaa-na-ngoma, kwa jinsi ninavyozibeba mgongoni kama mtoto. Nimetunga mapigo ya kuwatoa watoto jandoni, nayapiga nikiwa bado njiani, sijaonekana. Kina mama wakiyasikia wanatoka majumbani wakikimbia na vigelegele, kwa sababu wanajua watoto wao wazima wanakuja. Sasa hawangoji kuniona. Wanasema mkono wangu wanaujua.

Mwambie Hamidu matumbo aliyoyatoboa yanaimba. Akitaka kutembea, mtume kwangu, nitamtafutia mke wa huku mwenye nguvu za mtungi.

Alfani, Baba Somoe


Masasi, milimani, 20 Rajabu 1323 (Septemba 1905)

Baba Somoe,

Naandika juu ya jiwe. Karatasi nimepewa na mtu wa misheni aitwaye Ambrosi, naye amekimbia kama sisi.

Vita vimefika. Walikuja watu wengi kutoka kaskazini, wamejifunga mabua ya mtama, wanasema wamenyweshwa maji na risasi ya Mdachi haitawaingia. Moto umewaka Masasi. Karakana yangu imeungua, sijui ni mkono wa nani, siku hiyo kila mtu alikuwa na kinga cha moto. Ngoma zote zilizokuwa tayari zimeungua. Nilijaribu kulivuta vumi la jumbe, lile kubwa, likanishinda mlangoni. Nikaliacha. Nilisikia ngozi yake ikipasuka, nami nimeshafika mbali.

Hamidu alikunywa maji. Aliniambia ameshakunywa, hakuniomba ruhusa. Nikamwambia, "Mwanangu, maji ni maji." Akanijibu, "Baba, na pamba ni pamba? Nani atatutoa humo?"  Akaniinamia, akanishika miguu, akaondoka.

Baadaye walipigwa vibaya. Risasi ziliingia. Waliobaki wametawanyika, na nimesikia kundi lake limepanda huko kwenu juu, limejificha kwenye vichaka chini ya Newala pamoja na wanawake na watoto wa Masasi waliokimbia. Kama ni kweli, mtafute. Mpe chakula. Mwambie baba yake hana hasira.

Wewe shukuru ngoma zako ni ndogo. Zilizobaki hai katika kazi yangu yote ni hizo tu.

Fakihi


Newala, 17 Shaabani 1323 (Oktoba 1905)

Shemeji,

Shikamoo. Barua hii anakuletea mama mmoja mwuza chumvi, ameificha penye chumvi. Ukimaliza kuisoma, ichome.

Hamidu yuko hai. Alikuja alfajiri, amekonda, ana jeraha la bega lakini limeanza kufunga. Mwanne alimkumbatia akalia, kisha akamgombeza, kisha akampikia. Alikula mpaka nikamshika mkono asije akaumia. Nilimwambia maneno yako. Akageuza uso ukutani.

Hakutaka kulala kwetu, hataki kutuponza. Yuko kichakani na wenzake, na kina mama na watoto wengi. Ni mahali ambapo askari hawawezi kuingia, miiba imefumana, njia wanazijua wenyewe tu. Mwanne akienda kuteka maji anawaachia mihogo na mtama njiani. Tumbo lake limekuwa kubwa na bado anashuka, nami safari hii simkatazi.

Askari wameweka kambi hapa Newala. Ngoma nimezifungia ndani. Lakini wanaojua ni wengi mno, shemeji, mimi ndiye niliyejitangaza nchi nzima.

Alfani


Newala, kambini, 6 Mfunguo Pili 1323 (Januari 1906)

Bwana Fakihi, Masasi.

Nakuarifu kuwa mimi ni mzima na nina kazi nzuri. Serikali imenipa kazi ya kupiga ngoma. Bwana mkubwa ni mtu mwema na neno lake ni moja. Ametangaza amani. Wote waliojificha watoke, watapewa chakula na kurudi makwao, hakuna atakayeguswa.

Ngoma ya kambi ni kubwa, haiwezi kupita vichakani. Ngoma zangu zinapita, kwa hiyo natembea na askari na ndugu Mrisho, tarishi wa akida, nawapigia watu wasikie amani. Watu wengi wametoka. Serikali ni baba na mama yetu.

Waambie wote walioko milimani Masasi nao watoke.

Mwanne na Somoe wanakaa kambini, wanatunzwa.

Alfani, mpiga ngoma wa serikali


Masasi, 14 Mfunguo Tatu 1323 (Februari 1906)

Alfani,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mbele ya watu kwa sababu walitaka kujua kama kuna amani. Palikuwa na mzee mmoja aliyetoroka huko kwenu. Akaniuliza nimesoma jina gani mwishoni. Nikamtajia. Akatema mate, akaondoka.

Wakanieleza wengine. Kwamba kichakani walisikia mapigo ya watoto kutoka jandoni. Kwamba kina mama walitangulia kutoka wakikimbia, wengine wakipiga vigelegele kwa njaa na furaha, kisha wanaume wakawafuata. Askari walikuwa wamelala kwenye majani pande zote. Wanaume wakafungwa kamba shingoni. Maghala ya mtama yaliyokuwa humo yakatiwa moto. Kina mama wakaachwa hapo na watoto, bila punje.

Wanasema ilikuwa ngoma moja yenye sauti tatu, na aliyeibeba ni mtu mmoja.

Nilitaka kuwaambia ziko nyingine za namna hiyo. Haziko. Nilizichonga mimi.

Mwanangu alikuwa humo, nawe ulijua. Wewe ndiye uliyeniandikia kwamba yumo. Kazi nzuri! Bwana mwema! Ulikosa nini kwangu? Nilikupa dada yangu na mikono yangu, na mikono ya mwanangu ndiyo iliyotoboa matumbo ya hizo ngoma. Natamani ningekuchongea jeneza.

Usiniite shemeji. Ukinijibu, nijibu neno moja tu, Hamidu yuko wapi. Halafu mikono yako ikauke.

Fakihi


Newala, 11 Mfunguo Nne 1324 (Machi 1906)

Kaka Fakihi,

Shikamoo. Anayeandika ni Mwalimu Husseni wa msikitini, maneno ni yangu mimi Mwanne. Nimemwomba asiyalainishe.

Barua yako ilifika Ijumaa. Baba Somoe alitaka isomwe. Nilikataa, akasema, "Isome, ni ya shemeji." Mwalimu akaisoma. Alipofika mwisho, Baba Somoe akasema, "Rudia." Ikarudiwa. 

Kaka, wewe ni mtu mzima na unamjua mume wangu tangu mlipokuwa chuoni mnafundishwa alifu pamoja. Lini alikuandikia barua bila kukuamkia shikamoo? Lini alikuita Bwana Fakihi? Mrisho alikuwa amesimama juu ya bega lake anamtajia maneno, naye akaandika kama alivyotajiwa, na shikamoo akaiacha makusudi. Aliniambia, "Fakihi ataona." Hukuona.

Nikueleze sasa. Askari walikuja nyumbani wakasema wamesikia kuna ngoma zinazopita vichakani. Wakatuchukua wote. Mimi na Somoe tukafungiwa kibanda cha kambini, tumbo langu limefika mwezi wake. Yule mkubwa wao akamwambia Baba Somoe kuna amani, apige watu watoke. Akamwambia pia mke wake na mtoto wanakaa pale mpaka kazi iishe. Baba Somoe aliamini nusu ya kwanza kwa sababu ya nusu ya pili. Hilo nalisema mimi, yeye hajawahi kulisema.

Akapiga. Yaliyotokea umeambiwa, na ni kweli.

Hamidu alitoka. Nilimwona walipoletwa kambini, wamefungwa shingo kwa shingo. Nilipitisha mkono kwenye fito za kibanda nikamgusa. Akaniambia, "Shangazi, wenzangu walikataa kutoka. Mimi ndiye niliyewaambia huo ni mkono wa Baba Somoe, twendeni." Hakusema kwa ubaya. Aliniuliza kama kuna maji ya kunywa. Sikuwa nayo.

Walipelekwa Lindi kwa miguu. Ambrosi, yule mtu wa misheni, alichukuliwa mpagazi katika safari hiyo, na aliporudi alikuja kunieleza. Hamidu alianguka kabla hawajafika. Bega lile lilikuwa limefumuka. Wakaikata kamba shingoni mwake wakaendelea. Ambrosi aliomba amfunike, wakamruhusu, akamfunika kwa mawe na udongo. Umeuliza neno moja, na hilo ndilo jibu, kaka yangu. Pole. Pole sana. Nilimbeba mgongoni mama yake alipokufa, na wewe unajua.

Lakini hujamaliza kusikia. Baada ya hapo wakamchukua Baba Somoe kwenye kichaka kingine, upande wa bonde la Ruvuma. Huko pia kulikuwa na watu wengi. Wakamwambia piga kama ulivyopiga. Akachimba kishimo chake, akaweka vumi, akapiga mapigo ya maziko.

Askari hawakujua, kwao ngoma ni ngoma. Wakalala kwenye majani wanangoja. Waliokuwa ndani wakajua kuna kifo mlangoni, wakatoka kwa nyuma wakashuka bondeni, wazee na watoto na wote. Akapiga mpaka jua likawa kali. Aliyejua ni Mrisho, maana kaoa huku na amezika mkwewe huku. Mwanzoni alinyamaza. Kisha akaona mkubwa wake anaanza kukasirika, akaogopa nafsi yake, akasema.

Mikono ya Baba Somoe waliiweka juu ya jiwe, wakaipiga kwa vitako vya bunduki. Yote miwili, kuanzia vidole mpaka hapa kwenye kiwiko.

Mimi na Somoe tukaachiliwa siku ileile, hawakuwa na haja nasi tena. Tulipewa yeye tumbebe. Mtoto alikuwa ameshazaliwa mle kibandani, mwanamume. Hakufika arobaini. Nilikuwa sina maziwa.

Umeomba mikono yake ikauke, kaka. Mmoja umeshakauka. Mwingine unatoa usaha.

Mwanne


Masasi, 2 Mfunguo Tano 1324 (Machi 1906)

Baba Somoe, shemeji yangu,

Husseni akusomee taratibu.

Niliposoma barua ya Mwanne nilikwenda kukaa pale ilipokuwa karakana. Hamna kitu, majivu yameshaota majani. Nilikaa na mwanangu hapo, nikamlilia kwa mara ya kwanza, kwa sababu mpaka hapo nilikuwa nimeshughulika kukuchukia.

Kisha nikaenda kuwatafuta watu wa kile kichaka cha pili. Nilitaka kusikia kwa masikio yangu. Siku hizi watu wote wako porini wanachimba ming'oko, chakula hakuna kingine, na hata ming'oko inakwisha. Nikampata mwanamke mmoja, Sikuzani, ana watoto wake na mtoto wa marehemu dada yake. Nikamuuliza. Aliacha jembe, akasema, "Tulikuwa tumeshachoka. Tulisema wakija na ngoma ile ya amani tutatoka, afadhali kufungwa kuliko kufa njaa. Tukasikia maziko. Mama yangu akasema, huyo mpigaji anatuzika tungali hai, tukimbieni." Akaniuliza kama ninamjua mpigaji. Nikasema ni shemeji yangu. Akapiga magoti mbele yangu, mimi, mtu niliyekuandikia yale. Nilimwinua kwa nguvu, kwa aibu.

Alfani, nilifurahi kupata mtu wa kumchukia. Nilipolala nilikuwa nakuona wewe na ngoma zako. Kama nisingekuona wewe ningeona mikono yangu inawamba ile ngozi ya kenge, nikijisifu. Ningemwona Hamidu anapuliza vumbi la msufi. Ningejisikia nikisema, ndiyo, uzuri wake ni kwamba njia nyembamba utapita.

Nilisema mikono yako ikauke. Neno hilo nalifuta mbele ya Mungu na mbele yako, ingawa najua limekwisha kusomwa mara mbili.

Nakuja. Mguu wangu ni mbaya na njia ni mbaya, lakini nakuja. Najua kukaza kilichovunjika, nimefunga mti uliopasuka nikaufanya uimbe tena, na mfupa si mgumu kuliko mti. Usiwaache waukate huo mkono wa pili. Ningoje.

Shemeji yako,
Fakihi


Newala, 16 Mfunguo Tano 1324 (Aprili 1906)

Kaka,

Shikamoo. Barua yako ilifika Jumanne. Baba Somoe tulimzika Ijumaa iliyotangulia.

Usaha ulipanda mpaka kwapani, homa ikamchukua. Siku za mwisho hakutujua vizuri. Alidhani mimi ni mama yake, na Somoe alimwita kwa jina la mtoto wa mtu mwingine. Hakukutaja, kwa wema wala kwa ubaya. Ungependa nikwambie alikusamehe, lakini sitakudanganya. Barua yako ya mwisho nilimwambia Mwalimu aisome kaburini, akaisoma, nami nikasikiliza. Kama yeye amesikia sijui.

Hatukuwa na ngoma. Watu walikuja wachache, wengine kwa kujificha, maana wako hapa waliofiwa kwa kichaka cha kwanza nao wana haki yao. Mama mmoja alikuja akasimama mbali, mumewe alikwenda Lindi kwenye ile kamba. Hakusogea wala hakulia. Tulipomaliza kufukia alichukua udongo mkononi, akautazama, akaumwaga alipokuwa amesimama, akaenda zake. Nilimwelewa.

Ngoma wanazo askari. Mrisho anazibeba mgongoni siku hizi, anazunguka nazo vijijini, anapiga yale mapigo ya watoto kutoka jandoni. Amejifunza, hakosei. Watu wakiyasikia wanachukua watoto wao wanakimbia.

Mimi sijakusamehe. Nasema wazi, Husseni anaandika huku ananitazama. Ulikuwa na haki ya kumlilia mwanao, lakini mume wangu ulimjua. Siku mbili tatu ungengoja kabla ya kuandika, ungesikia. Labda nitasamehe baadaye. Sasa hivi sina nguvu, na nguvu kidogo niliyo nayo nashukia maji.

Lakini njoo. Somoe amebaki mifupa na macho. Miluzi ameacha. Tulikula mbegu, kaka, hatukuwa na la kufanya, tulizitwanga na mbegu. Mvua ya mwisho bado ipo na shamba nimeshalilima kwa mkono, liko wazi, halina cha kutiwa. Ukipata mtama popote njiani, hata ujazo wa kiganja, usiule. Ufunge kwenye nguo uje nao, ukifika pitia nyuma ya nyumba, watu wasikuone umebeba kitu.

Mwanne